Kuzeesha vinyago vya rangi: dawa ya viatu, lami, nta ya kopo au tyubu ya amba?

Kinyago cha mpingo kinachotoka kwa Wamakonde wa Mwenge, Dar es Salaam, hakihitaji mengi mwishoni. Msasa laini, dawa nyeusi ya viatu, brashi, kitambaa, kinang'aa. Mti wenyewe ni mgumu na mzito, haunywi, na weusi wa dawa unafanana na weusi wa mti. Tabu huanza desturi hiyohiyo inapohamishiwa kwa twiga wa mjakaranda aliyepakwa njano, au barakoa ya mwembe yenye nyekundu na nyeupe. Hapo dawa ya viatu inazama ndani ya rangi kama maji mchangani, inakaa madoamadoa, na ikishazama haitoki.

Miti hii laini imekuwa mingi kwenye karakana za Wamunyu na Changamwe, Kenya, kwa sababu nzuri: mjakaranda, mwembe na mwarobaini hukua haraka, ilhali mpingo na muhugu zimekatwa mno. Nayo ni miti mizuri kwa rangi. Lakini rangi mpya ya akriliki juu ya mti mweupe ina sura ya plastiki, na mteja anayetaka kinyago kilichotulia hukipita. Ndipo kuzeesha kunapoingia: kutia kivuli kwenye mikato, kufifisha ukali wa rangi, kuacha alama za mkono pale ambapo mkono ungepita.

Vitu vinne hutumika sana kwa kazi hiyo, navyo tunavipima hapa: dawa ya viatu, lami iliyoyeyushwa, nta nyeusi ya kopo (yaani kahawia iliyokoza) inayouzwa kwa ajili ya samani, na rangi ya mafuta ya tyubu aina ya amba (umber, kahawia ya udongo) iliyochanganywa na mafuta ya kitani. Hukumu tunaitoa mapema ili asiye na muda asipoteze fedha: nunua tyubu ya amba. Ila usiifungue kabla hujanunua kitu cha tano ambacho wengi hukiruka, nacho ni sila, yaani kizibo cha vinyweleo, ya sheleki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti.

Tuanze na hiyo sila, maana vyote vinne hushinda au hushindwa hapo. Akriliki au emulsheni isiyong'aa ikikauka huwa na vinyweleo. Mti ulio chini yake nao haunywi sawasawa: pale patasi ilipokata nyuzi kwa kichwa, yaani ncha ya pua, masikio, kwato, chini ya kidevu, unakunywa zaidi sana kuliko ubavuni. Ukipaka kitu chochote cha kahawia moja kwa moja juu ya rangi, pua itakuwa nyeusi tii na mashavu hayatashika kitu. Fundi hufikiri amepaka vibaya, akaongeza, akaharibu zaidi. Kumbe kosa lilitendeka hatua moja nyuma. Sila nyembamba huziba vinyweleo, kisha kivuli hubaki juu, unaweza kukifuta unapotaka na kukiacha unapotaka. Kuzeesha kote ni kufuta, na kisichofutika hakizeeshi, kinachafua.

Kipimo cha sheleki ya kazi hii ni gramu 120 za vipande vikavu kwa lita 1 ya spiriti (alkoholi, methylated spirit). Loweka usiku kucha kwenye chupa ya kioo, tikisa mara mojamoja, kisha chuja kwa soksi ya nailoni. Rangi ya akriliki ikae saa 24 kwanza, kwa sababu spiriti hulainisha akriliki hata iliyokauka. Kwa hiyo paka kwa brashi laini, pitisha mara moja, usirudi nyuma. Ukisugua mbele na nyuma kama unayepaka ukuta, utaona nyekundu ya mdomo inahamia kwenye meno. Tabaka mbili nyembamba zinatosha, zikiachana saa moja. Zikipita hapo mchongo unaanza kung'aa na kivuli hakina pa kushika.

Sheleki ina adui mmoja mkubwa Pwani: unyevu. Spiriti inapopaa hupoza uso wa kazi, mvuke wa hewani unaganda juu yake, na sheleki inakauka ikiwa na ukungu mweupe. Msimu wa masika, Tanga, Mombasa au Unguja, paka katikati ya mchana, wala si asubuhi na mapema. Ukungu ukishatokea, subiri siku kavu upitishe spiriti tupu kwa brashi iliyokamuliwa, mara moja tu. Mara nyingi unaondoka. Adui wa pili ni umri. Sheleki iliyokwisha kulowekwa haidumu, na baada ya miezi sita hivi huanza kukataa kukauka. Pima kwenye kipande cha kioo: ikiwa siku ya pili ukucha bado unaacha alama, imwage.

Wengine hutumia sila ya selulosi ya mbao badala ya sheleki. Inafaa ikipulizwa juu ya akriliki kavu. Kwa brashi huburuta rangi, na juu ya rangi ya mafuta ya bati hukunjamana kama utando wa maziwa, kwa sababu tina (thinner) iliyomo ndani yake huilainisha rangi iliyo chini. Tina hiyohiyo ndiyo kosa la kwanza tunaloliona kwenye kazi zilizoharibika: fundi amekosa turpentaini, akachukua tina kupunguzia kivuli chake, na kitambaa kikaondoka na kivuli, sila na rangi kwa pamoja. Kwa kivuli cha mafuta tumia turpentaini au spiriti nyeupe (white spirit ya petroli, si ile spiriti ya kuloweka sheleki). Hizo hazigusi sheleki.

Sasa bidhaa zenyewe.

Dawa ya viatu ni nta, viyeyushi vya mafuta ya petroli na rangi ya kuyeyuka. Neno la kushika hapo ni rangi ya kuyeyuka. Udongo uliosagwa ni chembe na hubaki pale ulipopakwa. Rangi ya kuyeyuka hupenya, na vilevile hutoka: kwenye kiganja, kwenye kitambaa cheupe cha meza, kwenye karatasi ya kufungia mzigo. Mwangani hufifia, ndiyo maana kinyago kilichokaa dirishani huwa na upande mmoja uliopauka. Tatizo jingine ni kwamba ukishapaka nta hakuna kingine kitakachoshika juu yake. Vanishi hujikusanya kama matone juu ya jani la mgomba. Ikiwa huna kitu kingine, tumia ya kahawia wala si nyeusi, juu ya sila, kidogo sana kwa mswaki, na usugue baada ya dakika kumi. Nyeusi juu ya njano hutoa kijani cha kuchukiza. Ile isiyo na rangi, kwa upande mwingine, ni tabaka la mwisho zuri kabisa, na hapo tunaipendekeza bila kusita.

Lami haitatuchukua muda. Wahispania wamekuwa wakiitumia kwa jina la betún de Judea kuzeesha samani na sanamu zilizopakwa rangi, na ikiwa mbichi inavutia kweli: kahawia yenye mwanga ndani kama asali. Lakini lami haikauki ikaisha. Wachoraji wa Ulaya waliipenda katika karne ya 18 na ya 19, na picha zao leo zina nyufa kama ngozi ya mamba kwa sababu tabaka lililo juu lilikauka na la chini likaendelea kutembea. Katika joto letu hulainika tena. Kinyago kilichofungwa kwa gazeti na kukaa ndani ya kontena hufika kikiwa na herufi za gazeti mgongoni. Tena hupanda kupitia tabaka lolote la mafuta linalowekwa juu yake. Tusiinunue.

Nta nyeusi ya kopo ni jambo jingine, na kwa mtu anayeanza tunaiheshimu. Ile nzuri ina nta ya nyuki au karnauba (nta ya majani ya mtende wa Brazili), turpentaini na chembe za udongo wa rangi, kwa hiyo haihami kama dawa ya viatu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inarudi nyuma: ukizidisha, chukua nta isiyo na rangi, sugua juu yake, inayeyusha ile nyeusi na kuiondoa. Fundi mwenye hofu hupata ujasiri hapo. Kwa mchongo wa mistari mipana isiyo na kina kirefu, kwa mfano kisahani chenye ukingo wa nakshi, nta ya kopo inamaliza kazi kwa nusu saa.

Inashindwa kwenye mikato myembamba iliyozama. Nta ni nzito, haifiki chini ya mkato. Inakaa mdomoni, na ukisugua inatoka vipandevipande kama makombo. Macho ya barakoa, vidole vya mnyama, manyoya ya simba yaliyochongwa kwa patasi ya V, kote huko itakupa mistari yenye mapengo. Kopo lenyewe hukauka usipofunga vizuri, na nta yenye sehemu kubwa ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, huanza kulainika mapema zaidi, hivyo usiache kinyago nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani.

Kama bei ya kopo kutoka nje inauma, itengeneze. Nta ya nyuki ya Tabora ni bora kuliko nyingi zinazokuja kwenye makopo. Yeyusha gramu 100 ndani ya bati lililosimama kwenye sufuria ya maji moto, zima moto kabisa, toa bati nje, kisha mimina mililita 300 za turpentaini ukikoroga. Turpentaini karibu na moto ni hatari, usibadili mpangilio huo. Ikipoa inakuwa laini kama siagi. Hii ni isiyo na rangi. Kwa nyeusi ongeza amba ya tyubu kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Na tyubu hiyo ndiyo tuliyoikusudia tangu mwanzo. Amba ni udongo wenye oksidi za chuma na za manganizi. Manganizi huharakisha kukauka kwa mafuta ya kitani, na hiyo ni bahati kubwa kwa fundi: amba ya mafuta hukauka mapema, wakati nyeusi ya masizi iliyo kwenye tyubu ya jirani yake huchukua siku nyingi. Ukitia kivuli cha nyeusi kwa haraka ya soko, mteja atapokea kinyago kinachonata. Kwenye tyubu utasoma Burnt Umber, ambayo ni amba iliyochomwa na ina wekundu wa joto, au Raw Umber, ambayo ni mbichi, baridi, na inaelekea ukijani wa vumbi la ghalani. Juu ya nyekundu, njano na rangi ya ngozi, iliyochomwa. Juu ya nyeupe, buluu na kijivu, mbichi. Iliyochomwa juu ya nyeupe huonekana kama kutu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hukosea mara chache.

Mchanganyiko wetu ni kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kijiko kimoja cha turpentaini, na amba iliyokamuliwa urefu wa sentimita 2 hivi. Iponde kwanza amba na matone machache ya mafuta hadi ilainike, ndipo uongeze mengine, la sivyo itabaki mabonge yatakayoacha michirizi. Hakikisha mafuta ni yaliyochemshwa, maana ndani yake kuna vikaushio vya madini. Mafuta mabichi ya kitani yatakuweka wiki au zaidi.

Kabla ya kupaka, kwaruza. Kitu kilichozeeka kweli huwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: kimechubuka pale kinaposhikwa, na kimeshika uchafu pale pasipofikiwa. Kwa hiyo msasa namba 320 upite kwenye ncha ya pua, nyusi, mgongo wa mnyama, kingo za sikio, hadi mti uonekane kidogo. Fanya hivyo kabla ya sila, ili mti uliofunuliwa nao uzibwe. Chubuko liwe na sababu. Hakuna mkono unaosugua kwapa la twiga. Vinyago vingi sokoni vimechafuliwa kote kwa usawa, na jicho la mnunuzi, hata asiyejua kueleza, hulikataa jambo hilo.

Ukitaka rangi mbili zionekane, paka ya chini, mathalani nyekundu ya udongo, ikauke, sugua mshumaa kwenye kingo zinazotarajiwa kuchubuka, paka ya juu, kisha kwangua kwa ukingo wa kijiti. Rangi ya juu itatoka pale penye mshumaa. Mabaki ya mshumaa lazima yaondoke yote kwa kitambaa chenye turpentaini, kwani sila haishiki juu ya nta. Nyufa ndogondogo unazipata kwa gundi nyeupe ya mbao: paka tabaka nzito, ngoja hadi inate bila kuchafua kidole, kisha akriliki juu yake kwa mpigo mmoja. Rangi inapasuka yenyewe inapokauka. Zitumie kwa uchache, sehemu moja au mbili tu.

Kivuli chenyewe paka kipande kwa kipande, usipake kinyago chote kwa mara moja. Brashi ngumu ya manyoya isukume mchanganyiko hadi ndani ya mikato, ngoja dakika 5 hadi 10, kisha futa kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kama fulana kuukuu. Siri ya kufuta iko kwenye mwelekeo: kata mkato, usiufuate. Kitambaa kinachokwenda sambamba na mkato huingia ndani na kuuchota uchafu ulioutaka ubaki. Kikipita juu yake kwa upande, husafisha migongo na kuacha mabonde. Kitambaa kikijaa geuza, kikichafuka kote chukua kingine. Mwisho kijiti cha pamba kikavu kwa mboni za macho, meno, na sehemu chache unazotaka zing'ae. Kazi ikionekana nyeusi mno wakati huo, kitambaa chenye tone la turpentaini kitaipunguza. Ikiwa hafifu mno, ngoja ikauke urudie. Mara mbili hafifu ni bora kuliko mara moja nzito, kwa sababu kivuli kinene hukauka juu na kubaki laini ndani.

Vitambaa hivyo ni hatari ya moto, na hapa tunaomba msomaji asome polepole. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kilichokunjwa kwenye kona hulihifadhi joto hilo hadi kinawaka chenyewe, bila kiberiti, saa kadhaa baada ya fundi kwenda nyumbani. Tandaza kila kitambaa juu ya waya nje, kimoja kimoja, hadi kikauke kikakamae, au kitumbukize kwenye bati la maji lenye kifuniko. Karakana ya mbao imejaa vumbi na maranda. Haihitaji zaidi ya hapo.

Acha kinyago siku mbili hadi tatu penye hewa na mwanga. Hewa nzito ya unyevu huchelewesha, kadhalika kabati lenye giza, ambalo pia hufanya mafuta ya kitani yageuke manjano. Jaribio ni kitambaa cheupe kikavu: kikitoka cheupe baada ya kusugua, endelea. Kisha nta isiyo na rangi, ile ya Tabora, tabaka moja jembamba, nusu saa, brashi ya viatu, basi. Vanishi ya kung'aa inaua kila ulichofanya, kwa sababu uzee hauakisi taa. Kama kinyago kitashikwashikwa na watoto na kinahitaji ulinzi zaidi ya nta, chagua vanishi ya mati (isiyong'aa), na hapo sheleki ya chini lazima iwe ile iliyoondolewa nta, la sivyo vanishi ya poliurethani itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Kosa ambalo hakuna kati ya bidhaa hizi litakalolificha ni mti mbichi. Mjakaranda uliochongwa ukiwa na maji hupasuka baada ya wiki, na ufa hufunua mti mweupe katikati ya uso uliozeeshwa. Ufa mdogo unazibika kwa amba isiyopunguzwa, ukiisukuma kwa kijiti cha meno. Mkubwa haurekebishiki kwa rangi. Kabla ya kupaka chochote tazama pia vitundu vyenye unga mpya chini yake. Bungua akifungiwa ndani kwa sila na nta huendelea kula, na siku moja anatoka kupitia paji la uso ulilolihangaikia.

Kwa wanaouza nje ya nchi: andikeni kwenye risiti kwamba kazi ni mpya, aina ya mti, na kwamba imezeeshwa kwa rangi. Mnunuzi anastahili kujua, na kuna sababu ya kisheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda, pamoja na vitu vingine, milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940. Ubao wa nakshi uliozeeshwa vizuri ukifika bandarini bila karatasi unaweza kudhaniwa ni wa kale, na afisa anayeuzuia atakuwa anafanya kazi yake.

Unaponunua tyubu, geuza nyuma usome namba ya rangi. PBr7 ikiwa peke yake, kwa kawaida ni udongo halisi. Ukikuta namba za nyekundu na nyeusi zilizochanganywa ili kuiga amba, hiyo haina manganizi ya kutosha ya kuharakisha mafuta, na siku zako mbili za kukauka zitakuwa tano. Tyubu ya mililita 37 inatosha vinyago vingi vidogo. Futa mdomo wake kwa kitambaa kabla ya kufunga. Amba ikikaukia kwenye uzi wa kifuniko, utaifungua mara ya pili kwa koleo.